Darubini Haionyeshi Kitu: Utatuzi wa Matatizo kwa Mtazamaji wa Nyota wa Nairobi

Malalamiko ya watu wanaotazama nyota hapa Nairobi huanza karibu kila mara kwa maneno yale yale: darubini imeharibika. Nimekagua darubini za marafiki na majirani wengi, juu ya mapaa ya maghorofa na kwenye nyua za nyumba, na ni chache mno ambazo nilikuta zimevunjika kitu. Kinachokosekana kwa kawaida ni mapatano kati ya chombo na mahali kilipo. Kijitabu kinachokuja ndani ya sanduku huwa kimeandikiwa mtu anayeishi Ulaya au Amerika ya Kaskazini, ambaye Nyota ya Kaskazini iko juu ya paa lake na ambaye husogeza saa yake mbele kila majira ya joto. Nairobi iko digrii 1.3 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na saa zetu ziko tatu mbele ya saa ya kimataifa mwaka mzima. Tofauti hizo ndizo zinazozaa sehemu kubwa ya matatizo yanayofuata, ya kwenye darubini na ya kwenye habari za anga za mbali vilevile.

Nimeyapanga mambo kwa dalili: kile unachokiona au unachokosa kukiona, kisha sababu zake, kisha la kufanya. Anza na sababu iliyo rahisi kabla hujagusa skrubu yoyote, kwa maana skrubu iliyolegezwa bila sababu huleta tatizo jipya juu ya lile la kwanza.

Unachungulia na kuona giza tupu

Kagua vifuniko. Darubini nyingi za kioo zina kifuniko kikubwa ambacho ndani yake kuna kifuniko kingine kidogo, na mgeni huondoa kile kidogo peke yake, akabaki na mwanga haba usioonyesha chochote isipokuwa Mwezi.

Kama vifuniko vyote vimetoka na giza bado lipo, sababu ya kawaida ni ile darubini ndogo ya kulengea iliyopachikwa ubavuni, ambayo huwa inatazama kwingine tofauti na darubini kubwa. Irekebishe mchana. Tia lenzi ya jicho yenye ukuzaji mdogo, ile iliyoandikwa milimita 20 au 25, uelekeze darubini kubwa kwenye kitu kilicho mbali, mathalani ncha ya mlingoti wa simu au tangi la maji juu ya ghorofa la mtaa wa pili, ukihakikisha kwamba Jua liko mgongoni kwako. Kisha uzungushe skrubu ndogo za ile ya kulengea mpaka msalaba wake uangukie ncha ile ile. Usiku utakapofika, anza na Mwezi, halafu nyota yoyote yenye kung'aa, wala usibadilishe lenzi ya jicho kabla hujakiweka kitu unachokitazama katikati kabisa, kwa kuwa kila unapoongeza ukuzaji uwanja wa kuonea hupungua na kilichokuwa pembeni hupotea.

Nyota inaonekana kama bangili

Mpwa wangu alipochungulia kwa mara ya kwanza juu ya paa letu huko Umoja, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, nyota hii ina shimo." Alikuwa ameshika gurudumu la fokasi kwa vidole viwili bila kulizungusha, akiogopa kuliharibu. Nilimwekea mkono wangu juu ya wake, tukalizungusha polepole. Lile duara likasinyaa, shimo likajifumba, na Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, ikabaki nukta moja yenye kumetameta. Shimo lile lilikuwa kivuli cha kioo kidogo kilicho mdomoni mwa darubini, ambacho huonekana tu fokasi inapokuwa haijafika.

Kivuli hicho kina faida yake, kwa hiyo usikiharakishe kuondoka kabla hujakichunguza. Kikiwa katikati ya duara, vioo viwili vinatazamana sawasawa. Kikiwa kimeegemea upande mmoja hata nyota yenyewe ikiwa katikati ya uwanja, vioo vimehama, jambo ambalo hutokea kila darubini inaposafirishwa kwa matatu au kwa bodaboda kwenye barabara mbovu. Skrubu tatu zilizo nyuma ya kioo kikuu ndizo za kurekebishia: zungusha moja kwa robo mzunguko, irudishe nyota katikati, tazama kivuli kimesogea wapi, ndipo uendelee na nyingine. Ifanye kazi hii bila haraka, ikiwezekana pamoja na mwenzako anayezungusha huku wewe ukichungulia.

Endapo fokasi haifiki hata ukizungusha gurudumu hadi mwisho wa pande zote mbili, ondoa lenzi ya Barlow, ile inayoongezwa ili kuzidisha ukuzaji, na lenzi yoyote ya kugeuzia picha, ubakie na lenzi ya jicho peke yake. Kwa darubini ya lenzi hali ni kinyume kidogo, kwani kile kipande cha pembe chenye kioo ndani yake lazima kiwepo, la sivyo mrija hautoshi kurefuka kuifikia fokasi.

Picha ni kubwa lakini haina sura

Chukua darubini ya kawaida yenye kioo cha milimita 114 na urefu wa fokasi wa milimita 900. Ukigawanya 900 kwa lenzi ya jicho ya milimita 4 unapata ukuzaji wa mara 225. Ukiongeza lenzi ya Barlow ya mara 3 unapata 675, na ndiyo namba inayoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye sanduku. Kanuni inayokubalika ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo cha kioo kwa milimita, yaani kama 228 kwa darubini hii, na hata huko hufiki isipokuwa hewa iwe tulivu sana. Mengine yote ni kuutandaza mwanga ule ule mchache juu ya eneo kubwa zaidi. Kwa maoni yangu mwenye darubini ya namna hiyo angeiweka kando lenzi ya milimita 4 kwa miezi sita ya kwanza. Lenzi ya 25 inampa mara 36, ambayo inatosha kuiona miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii (Jupita), na ya 10 inampa mara 90, ambayo inatosha kwa mabonde ya Mwezi na mikanda ya Mshtarii.

Kwamba picha iko juu chini, au kushoto kumekuwa kulia, si hitilafu hata kidogo. Ndivyo vioo na lenzi zinavyofanya kazi, na angani hakuna juu wala chini ya kuhofia.

Sayari inachemka kama maji kwenye sufuria

Hapa tatizo ni joto. Paa la zege lililochomwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto lake hadi karibu usiku wa manane, na mabati ya nyumba za jirani hufanya vivyo hivyo kwa muda mfupi zaidi. Hewa hiyo ya moto ikipanda mbele ya darubini, picha huyumba. Darubini yenyewe ikitoka chumbani kwenye joto na kuingia kwenye baridi ya Julai huwa na hewa inayozunguka ndani ya mrija wake. Itoe nje dakika 30 hadi 60 kabla ya kuanza, ikiwa imefungwa vifuniko ili isishike vumbi. Chagua nyasi au udongo badala ya zege kama una uwanja, na usitazame juu ya jiko la makaa la jirani wala bomba la moshi. Sayari iliyo chini karibu na upeo wa macho itachemka hata ufanye nini, kwa kuwa mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi; ngoja ipande. Katika jambo hili ikweta imetupendelea, maana sayari zote hupanda juu sana kwetu, wakati mtazamaji wa London huziona baadhi yake zikikokota juu ya mapaa.

Ukiona mtikisiko wa kasi badala ya kuchemka, lawama ni ya miguu. Ifupishe, na uning'inize mtungi wa maji wa lita tano katikati ya stendi. Juu ya ghorofa, kila anayepita kuanua nguo kwenye kamba hutikisa zege zima, kwa hiyo mwombe asimame kidogo, naye pia achungulie.

Kitako hakikubali kushuka, au sayari inakimbia

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndipo watu wa Nairobi wanapopotezwa zaidi na maelekezo yasiyo yao. Vitako, yaani sehemu inayoishika darubini juu ya stendi, ni vya aina mbili. Cha kwanza hugeuka kushoto na kulia, juu na chini, kama shingo ya mtu. Cha pili, kinachoitwa kitako cha ikweta, kina mhimili mmoja unaotakiwa kulala sambamba na mhimili wa Dunia, ili kwa kuzungusha kirungu kimoja tu uweze kuifuata nyota usiku kucha. Jina lake humfanya mnunuzi wa hapa aamini kwamba kimetengenezwa kwa ajili yake, ilhali watu wa ikweta ndio wanaosumbuliwa nacho kuliko wote. Mwinamo wa mhimili huo lazima ulingane na latitudo ya mahali. London ni digrii 51.5, na mhimili unasimama vizuri kwa mshazari. Nairobi ni digrii 1.3, maana yake mhimili unatakiwa kulala karibu bapa, mkao ambao watengenezaji wengi hawakuufikiria.

Dalili ya kwanza ni skrubu ya mwinamo kufika mwisho huku kipimo kikisoma bado 15 au 20. Usiilazimishe. Njia ninayoipendekeza ni kuupeleka mhimili upande wa pili kabisa, kwenye digrii 90, ikiwa kitako chako kinafika huko: mhimili utasimama wima na kitako cha ikweta kitageuka kuwa kile cha aina ya kwanza, cha kushoto na kulia, juu na chini. Utapoteza ufuatiliaji wa kirungu kimoja, lakini utapata chombo kinachotii.

Dalili ya pili ni fimbo ya uzani, ile inayobeba chuma cha kusawazisha darubini, kugonga mguu wa stendi. Zungusha stendi ili miguu miwili iikumbatie fimbo hiyo, mmoja kila upande, badala ya mguu mmoja kukaa moja kwa moja chini yake. Darubini ikiwa katika mkao huu uzito wake huegemea upande mmoja, na kusukumwa kidogo na mtoto kunaweza kuiangusha. Ule mtungi wa maji una kazi yake hapa pia.

Dalili ya tatu ni sayari kutoka uwanjani ingawa mhimili umelala inavyotakiwa. Maana yake ni kwamba mhimili hauelekei kusini halisi. Kijitabu kitakuambia utafute Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu haipandi juu ya upeo wa macho, na nyota iliyo karibu na ncha ya kusini ni hafifu mno na iko chini mno kuonekana jijini. Tumia dira mbali na mabati na nondo, kwani tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi ni ndogo hapa Nairobi. Au simamisha fimbo wima kwenye uwanja tambarare na uchore kivuli chake kinapokuwa kifupi kuliko nyakati zote za siku hiyo, jambo linalotokea karibu na saa sita na nusu mchana. Mstari wa kivuli hicho ndio kaskazini na kusini. Machi na Septemba kivuli huwa kifupi mno kufaa, lakini Juni na Desemba mstari huwa wazi. Kitako chenye mota kina swichi ya kaskazini na kusini, nayo ikiwa upande usio sahihi sayari hukimbia kwa kasi maradufu.

Wenye kitako cha aina ya kwanza nao wana tatizo lao, ambalo ni utosi wa anga. Kitu kikiwa juu kabisa ya kichwa, kitako hakina pa kugeukia. Ukikisukuma kushoto kinazunguka papo hapo bila kusogea angani. Sayari ya Zohali katikati ya miaka hii ya 2020 inapita karibu na ikweta ya anga, yaani mstari ulio angani juu ya ikweta ya Dunia, na kwa hiyo inapita karibu na utosi wetu. Usishindane nayo. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa, basi itazame saa moja kabla au saa moja baada ya kufika juu.

Darubini za kompyuta zinazojitafutia nyota hukosea kwa sababu za namna moja: latitudo imeingizwa kuwa kaskazini badala ya kusini, longitudo ya 36.8 imeingizwa kuwa magharibi badala ya mashariki, saa ya majira ya joto imewashwa, au tarehe imeandikwa kwa desturi yetu ya siku kabla ya mwezi wakati mashine inasubiri desturi ya Marekani ya mwezi kabla ya siku. Tarehe 5 Agosti ikisomwa kama 8 Mei, darubini itatafuta anga la miezi mitatu iliyopita na kuona ukuta. Mambo hayo yakiwa sawa, achana na mpangilio unaotumia Nyota ya Kaskazini, uchague ule wa nyota mbili, kwa nyota zilizo pande tofauti na zisizokaribia utosi.

Simu inaonyesha nyota mahali pasipo na nyota

Programu ya ramani ya anga hutegemea dira ya simu, nayo dira huchanganywa na mabati, nondo za zege na sumaku iliyo kwenye kifuniko cha simu. Ondoa kifuniko, tembea mbali na ukingo wa chuma, na uichezeshe simu hewani kwa umbo la namba nane. Hakikisha pia programu inajua uko Nairobi, kwa kuwa bila ruhusa ya mahali baadhi yake hubaki zikionyesha anga la jiji la Ulaya.

Unachokiona hakifanani na picha

Mwezi ndio unaoanza kuwachanganya watu. Ramani zake huchorwa kaskazini ikiwa juu, lakini kwetu Mwezi unapochomoza mashariki kaskazini yake huwa kushoto, na unapotua magharibi kaskazini yake huwa kulia. Ndiyo maana hilali yetu hulala chali kama mashua. Igeuze ramani kwa robo mzunguko na mashimo yote yatakaa mahali pake. Mwezi mpevu huumiza macho na kuficha milima, kwa hiyo tazama siku za robo, kwenye mstari unaogawa mwanga na giza, mahali vivuli ni virefu.

Zohali bila pete ni lalamiko lililowafikia wengi mwaka 2025, na darubini zao zilikuwa nzima. Tarehe 23 Machi mwaka huo Dunia ilipita kwenye bapa la pete hizo, tukazitazama kwa ubavu wake mwembamba, kama kuitazama karatasi kwa ukingo. Jambo hilo hurudi kila baada ya miaka 13 hadi 15. Baada ya mwaka huo pete zinafunguka kidogo kidogo, na kila msimu zitaonekana pana zaidi hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Ama rangi, jicho la binadamu katika giza hutumia chembe zisizotambua rangi, kwa hiyo nebula, yaani wingu la gesi, iliyo kwenye upanga wa kundi la nyota la Jabari (Orion) itaonekana kijivu katika darubini yako, hata ingawa picha zake ni nyekundu na zambarau. Picha za darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 na inayokaa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, hupigwa kwa mwanga wa infraredi ambao hakuna jicho liwezalo kuuona, kisha wanasayansi huzipa rangi kwa mpango maalumu ili kutofautisha mawimbi. Rangi hizo zina maana ya kweli, lakini usizitafute kwenye lenzi yako ya jicho. Kijivu kile ni mwanga halisi ulioondoka Jabari yapata miaka 1,300 iliyopita na kuishia ndani ya jicho lako, na mimi sijapata picha inayonipa hisia hiyo.

Hakuna nyota za kutosha

Toka nje jioni ya Januari, tafuta Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, upande wa kaskazini wa utosi, na uhesabu nyota zake kwa macho matupu. Ukipata sita, anga lako ni zuri; ukipata ukungu mdogo tu, una tatizo la mwanga. Taa ndefu za mitaani tunazoziita mulika mwizi zimeleta usalama ambao hakuna anayetaka kuupoteza, basi dawa yake ni kujikinga: kaa nyuma ya tangi la maji au tundika shuka nzito kwenye kamba ya nguo, na uyape macho dakika 20 hadi 30 bila kutazama simu. Tochi ifunikwe kwa karatasi nyekundu. Stima zikipotea mtaa mzima, panda juu mara moja. Kwa Njia Nyeupe na galaksi hakuna ujanja zaidi ya kutoka jijini, kuelekea Magadi au Kajiado, mkiwa kundi na mkiwa na mwenyeji anayejua mahali.

Juni hadi Agosti mawingu mazito ya baridi hufunika Nairobi kwa siku nyingi mfululizo, na masika na vuli nazo zina mvua zake. Januari na Februari ndiyo miezi ya kupangia mambo makubwa. Hata hivyo usiku unaofuata mvua, mawingu yakipasuka, huwa na hewa iliyosafishwa vumbi, na ninaupenda kuliko mwingine wowote.

Umande ukiifunika lenzi usiipanguse. Zungushia mdomo wa mrija karatasi ngumu nyeusi yenye urefu wa mara moja na nusu ya kipenyo chake, na darubini ikirudi ndani iache ikauke kabla ya kuifunga, la sivyo kuvu huota juu ya lenzi na haitoki bila kuacha kovu.

Unataka kutazama Jua

Kioo cheusi kidogo kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kinachokuja na baadhi ya darubini za bei nafuu, kivunje na ukitupe leo. Joto la Jua lililokusanywa na darubini hukipasua ghafla, na jicho huungua kabla hujalifumba. Kichujio salama hufungwa mbele, kufunika mdomo wote wa darubini, na kitengenezwe kwa kazi hiyo. Filamu za eksirei, sidii na vioo vilivyofukizwa moshi havifai. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kikamilifu katika ukanda unaotoka Hispania kupitia Misri hadi Somalia, nasi Nairobi tutaliona likiliwa sehemu tu, maana yake hakutakuwa na hata sekunde moja ya kulitazama bila kichujio.

Tukio lilitangazwa, ukatoka nje, hukuona kitu

Kabla ya kulaumu mawingu, kagua saa. Matangazo ya kimataifa hutumia UTC, ile saa ya kimataifa niliyoitaja mwanzoni; ongeza tatu upate saa ya Nairobi. Msemaji wa Kiswahili ana njia ya mkato: saa yetu huhesabiwa kuanzia alfajiri, hivyo ukitoa tatu kwenye UTC, na ukitoa kumi na mbili zaidi panapozidi, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. Mwezi ulipopatwa tarehe 7 Septemba 2025, giza kamili lilianza saa 17:30 UTC. Toa tatu, 14:30, toa kumi na mbili, na hiyo ni saa mbili na nusu usiku. Tarehe nayo huteleza. Satelaiti yetu ya Taifa-1 iliondoka California saa 06:48 UTC tarehe 15 Aprili 2023, yaani saa tatu na dakika 48 asubuhi kwetu, wakati huko ilipoondokea bado ilikuwa usiku wa tarehe 14. Magazeti mawili yaliyoandika tarehe mbili yalikuwa sahihi yote mawili. Urushaji huo uliahirishwa kabla ya kufanikiwa, na kuahirishwa ni jambo la kawaida kabisa katika kazi hii, basi tazama tangazo la siku yenyewe.

Habari za vyombo vilivyo mbali pia huchelewa kwa sababu ya mwendo wa mwanga. Perseverance, gari la utafiti la Marekani, ilipotua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 18 Februari 2021, ishara ilichukua dakika zaidi ya 11 kufika, na watu waliokuwa wakisubiri walikuwa wanasubiri jambo lililokwisha kutendeka.

Kisha kuna ujumbe unaosambaa kila Agosti kwenye makundi ya simu, kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi. Chanzo chake ni tukio la kweli la tarehe 27 Agosti 2003, Mirihi ilipotukaribia hadi kilomita milioni 55.8. Hata siku hiyo upana wake angani ulikuwa karibu sehemu ya 70 ya upana wa Mwezi. Aliyeandika mwanzoni alizungumzia Mirihi ndani ya darubini ikilinganishwa na Mwezi kwa macho matupu, na nusu ya sentensi ikapotea njiani.

Habari ya jiwe litakaloigonga Dunia inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa wakati mwingine chanzo chake ni wanasayansi wenyewe. Asteroidi ya 2024 YR4, iliyogunduliwa mwishoni mwa Desemba 2024, ilipewa uwezekano wa kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032. Uwezekano huo ukapanda hadi asilimia 3.1 tarehe 18 Februari 2025, na kabla mwezi huo haujaisha ukaporomoka karibu na sifuri. Wengi waliona kwamba wamedanganywa, lakini hesabu ndivyo inavyokwenda. Vipimo vichache huacha eneo pana ambamo jiwe linaweza kupita, na Dunia ni nukta ndani ya eneo hilo. Vipimo vikiongezeka eneo hubanwa, Dunia ikawa sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki, na asilimia ikapanda. Mwishowe eneo hubanwa hadi Dunia ikabaki nje. Ukiona asilimia inapanda, subiri vipimo vinavyofuata kabla ya kumtumia mama yako ujumbe.

Kitu kinatembea angani na hukijui

Kinachopepesa taa ni ndege, na Nairobi tuna viwanja viwili vya ndege vinavyotuletea ndege hizo. Nukta tulivu isiyopepesa, inayokatiza anga kwa dakika tatu hadi sita, ni satelaiti. Ing'aayo kuliko zote huenda ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilichoko kilomita 400 hivi juu yetu na kinachoizunguka Dunia kwa takriban dakika 90. Ikizimika katikati ya anga haijaanguka, imeingia kwenye kivuli cha Dunia, na kwetu kivuli hicho hupanda haraka baada ya magharibi, kwa hiyo saa ya kwanza au ya pili ya giza ndiyo yenye satelaiti nyingi. Nukta nyingi zilizofuatana kama shanga ni satelaiti za intaneti za Starlink zilizorushwa karibuni.

Mwanga wa sekunde moja au mbili ni kimondo. Mwanga unaokwenda taratibu, ukimeguka vipande vyenye mikia kwa nusu dakika au zaidi, huwa ni mabaki ya roketi au satelaiti yanayorudi, kwani hayo hayafiki kilomita 8 kwa sekunde, ilhali kimondo huingia kwa kilomita 11 hadi 72. Rekodi saa, upande ulikotoka na upande ulikoelekea. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, na Kenya Space Agency ikaeleza kwamba ilikuwa kipande cha roketi. Chuma kama hicho kikianguka karibu nawe, kaa mbali nacho hata kikiwa kimepoa, kwa kuwa kinaweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu, uwazuie watoto, na uwaite polisi ili shirika hilo lije kukichukua.